Waliofunza Walimu

Profesa William Senteza Kajubi, aliyefariki mwaka 2012, hutajwa sana kwa cheo: aliongoza Chuo Kikuu cha Makerere mara mbili. Kwangu mimi, heshima yake imekaa katika kazi iliyotangulia cheo, ile ya kufunza walimu.

Kazi hiyo haina shangwe. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mhadhiri hufunga safari kwa teksi na bodaboda hadi shule ya pembezoni, akaketi dawati la nyuma lililotengenezewa mtoto, daftari mapajani. Huandika yote: ubao umefutwa kabla watoto hawajanakili, maswali yameishia kwa wavulana wa mbele, andalio la somo halina lengo. Kisha humwita mwanafunzi wake kando na kumwambia ukweli bila kumvunja moyo, maana kesho kijana huyo atasimama tena mbele ya darasa lile lile. Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Akirudi Makerere, zinamsubiri karatasi za mtihani na rasimu za tasnifu, ambazo lazima azisome hadi tanbihi ya mwisho.

Mwaka 1987 Kajubi alikabidhiwa tume ya kupitia sera ya elimu ya Uganda. Ripoti yake ya 1989 ilihimiza elimu ya msingi kwa kila mtoto, na mpango huo ukaanza 1997. Baadhi ya watoto wa mwaka ule leo wenyewe ni walimu.