Sifa za Mpanda Manyolia

Katika nyanda za juu za Marungu, nchini Kongo, ambako mji wa Pepa umekaa na baridi yake huku ziwa Tanganyika likifuka joto huko chini, na ambako usiku wa Juni na Julai mabonde hujaa ukungu na pengine nyasi huamka zimeshikwa na jalidi, si wengi wawezao kufikiri kupanda mti kwa ajili ya harufu tu. Watu wa pwani, ambao ardhi yao hutoa asumini na mlangilangi kwa ukarimu, hawahitaji taabu kubwa ili wake zao wavae vikuba. Lakini huku juu manukato hutafutwa kwa maarifa, na mzee mmoja niliyemtazama akiihudumia manyolia yake alinithibitishia ya kuwa hiyo ni sanaa kamili, yenye adabu zake na siri zake.

Hakuupanda mti wake bondeni penye udongo mweusi, mahali ambapo mgeni angepapenda, kwa sababu baridi ya usiku huteremka na kutuama pale. Aliupanda mteremkoni, mbele ya ukuta wa matofali ya kuchoma unaotazama kaskazini, maana katika miezi ya baridi jua la kwetu huegemea upande huo, nao ukuta hunywa joto mchana kutwa, ukaugawia mti usiku. Mbegu, ambazo tunda likipasuka huning'inia kwa nyuzi nyembamba, zimevikwa ngozi nyekundu yenye mafuta, na ngozi hiyo haina budi kuondolewa, kwani huzuia kuota. Basi mzee huziloweka, akazisugua kwa mchanga kati ya viganja hata ibaki kokwa tupu, kisha huzifukia katika mchanga wenye unyevu ndani ya mtungi, na mtungi hukaa kivulini majuma mengi, kwa kuwa mbegu hii isipoonja baridi huzembea, na ikikauka hufa. Mizizi nayo ni minene na laini, hukatika upesi na kupona kwa shida. Ndiyo sababu mche huhamishwa ungali mdogo, pamoja na bonge lake la udongo, mvua zikiisha kukolea, na tangu siku hiyo jembe halisogei tena; hutandazwa majani makavu, basi. "Mwanangu," aliniambia, "ukilima chini yake, umeukata miguu."

Na ua lenyewe! Jeupe, nene, lafikia upana wa sentimita 25, na harufu yake ina ukali mtamu wa limau ambao jioni hushuka hata njiani, hata akina mama watokao sokoni na mizigo kichwani hupunguza mwendo pasipo kujua. Nilipounyosha mkono nipapase, mzee aliuzuia kwa upole, akanionyesha ua jingine lenye madoa ya kahawia, kila doa mahali ambapo kidole cha mtoto kiligusa. Siku mbili tatu, nalo limekwisha. Asili ya mti huu ni kusini-mashariki ya Marekani, na jamaa yake ni kongwe kuliko nyuki, hata maua yake mpaka leo huhudumiwa zaidi na mbawakawa. Nami sioni ajabu kwamba kitu cha umri huo hakikubali kuharakishwa.

Kupanda kwa kungoja hakukuwa jambo geni katika nchi hii. Mapadri Weupe, waliopokea kituo cha Mpala mwaka 1885 na kuanzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, mwaka 1893, walipanda miti ya matunda pamoja na ngano. Na kabla yao wenyeji waliiacha misitu ya kandokando ya vijito isimame, ambamo huishi chozi wa Marungu, ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Sasa misitu hiyo hukatwa mbao, na ng'ombe hubomoa kingo za maji, na anayetaka mti hutaka ule utakaompa boriti.

Mjukuu wa mzee hataki kurithi mtungi. Manyolia iliyotoka katika mbegu, alisema, yaweza kungojewa miaka 15 kabla ya ua la kwanza, na ni nani hapa awezaye kuahidi miaka 15? Mwaka 2000, wakati wa vita, Pepa ilitekwa na kutekwa tena, kabla Pweto haijaanguka mwezi wa Desemba. Watu walikimbia na kuacha hata sufuria mekoni. Sikuwa na hoja ya kumjibu kijana huyo. Nilisikitika tu kuona kwamba yeye naye amepanda miti, tena mikaratusi mistari kwa mistari, ambayo nayo hungojewa miaka, na ameipanda pale pale kandokando ya kijito, juu ya visiki vya msitu uliokatwa.