Taa Moja Nyekundu, Magari Tisa ya Polisi

Katika mji wa kubuni wa Los Santos, kijana anayeigiza motari (dereva wa pikipiki ya abiria) amevuka taa nyekundu usiku, barabara ikiwa tupu. Hakugonga mtu wala kitu. Gari la polisi lawasha king'ora nyuma yake. Anachelewa kidogo kusimama, anatafuta mahali pa kuegesha, na kabla hajafika pembeni magari tisa yameshamzunguka, helikopta inammulika, na sauti inamwamuru alale chini kifudifudi. Tukio hilo nililitazama Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenye kompyuta ya kijana wa kwetu Kanyabayonga anayecheza katika seva moja ya Kifaransa. Mengine ya namna hiyo nimeyaona mara nyingi. Wachezaji wakilalamika husema polisi wa seva yao ni wabaya. Mimi nadhani wanamlaumu asiyehusika: ukifungua mafaili ya seva utakuta magari yale tisa yaliitwa na programu, kabla askari yeyote hajapima lolote kichwani mwake.

Kwa asiyeufuatilia, mchezo wenyewe ni Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka 2013. Programu iitwayo FiveM humwezesha mtu kufungua seva yake juu ya mchezo huo na kuweka sheria zake. Anayeingia huishi humo kama raia: huyu daktari, yule fundi magari, mwingine mwizi, mwingine polisi. Watu husemezana kwa sauti zao wenyewe, na utamu wote uko katika kusemezana huko. Rockstar, kampuni yenye mchezo, iliwahi kuwafungia akaunti baadhi ya wabunifu wa FiveM mwaka 2015. Agosti 2023 ikalichukua kundi lao, Cfx.re, likawa lake.

Katika mchezo wa asili polisi huendeshwa na kompyuta, na ukali wao hupimwa kwa nyota. Kwa nyota moja wanajaribu kukukamata, kwa mbili wanafyatua risasi, kwa tatu helikopta inakuja, kwa nne kinaingia kikosi maalumu. Ngazi hizo ni kali mno, lakini ni ngazi. Kosa dogo lina pa kuanzia. Mwenye seva ya kuigiza huzizima kwa mstari mmoja wa msimbo unaoshusha kiwango cha juu cha nyota hadi sifuri. Ana sababu nzuri, maana anataka polisi wawe watu wenye akili na huruma. Ila pamoja na nyota ameng'oa kipimo, na seva nyingi hazipandi kipimo kingine mahali pake.

Ukali huo una asili yake, nayo inafaa ijulikane. Mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, uliotoka 1997, ulitengenezwa na DMA Design huko Dundee, Uskoti, na mwanzoni uliitwa Race'n'Chase. Mmoja wa waliousimamia alieleza baadaye kwamba ulikuwa ukichosha, hadi siku moja hitilafu katika namna polisi walivyotafuta njia ikawafanya wamvamie mchezaji kana kwamba wanataka kupita katikati ya gari lake. Waliokuwa wakiujaribu walifurahi sana, na ukali ule ukabaki. Kwa hiyo polisi wanaopita kiasi wamo katika damu ya mchezo huu tangu utoto wake, na anayejenga seva juu yake hurithi mazoea hayo asipokuwa macho.

Sasa tazama taarifa inavyosafiri. Mchezaji akifyatua risasi, akiiba gari, akipigana ngumi au akipita kwa kasi, skripti, yaani programu ndogo ndani ya seva, hutuma ujumbe kwenye seva. Seva hupitia orodha ya wachezaji wote, mmoja mmoja, ikiuliza mambo mawili tu: kazi yake ni polisi? Yuko zamu? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, skrini ya mchezaji huyo inalia na alama inawaka kwenye ramani yake. Haiulizi yuko umbali gani, wala wangapi wameshaitika. Zipo skripti zinazoandika daraja la kosa, lakini katika nyingi nilizozisoma daraja hilo hubadilisha rangi na mlio tu, na wanaoitwa wanabaki wale wale wote. Risasi benki na taa nyekundu ya motari huenda kwa watu hao hao kwa mara moja.

Na kwa nini wako wengi hivyo? Kwa sababu ya benki. Mipangilio ya wizi ina namba inayosema ni polisi wangapi angalau lazima wawe zamu ndipo kufuli ikubali kuvunjwa. Mwenye seva asiyetaka wachezaji wake wa magenge wakae bure huandikisha polisi wengi ili namba itimie kila jioni. Lakini wizi mkubwa hautokei kila saa. Katikati ya wizi mmoja na mwingine kuna watu kumi na zaidi waliovaa sare, wana magari ya kasi, na hawana kazi. Taa nyekundu moja ikilia kwenye ramani, wote wanaenda. Hakuna anayetoa chochote kwa kwenda: mafuta ni ya serikali ya kubuni, na kituo alichokiacha kitupu hakimdai.

Kisha mashtaka. Nilimwomba yule kijana anifungulie karatasi yake ya kukamatwa. Kulikuwa na kuvuka taa, kukaidi amri ya kusimama, kukimbia polisi, kuendesha kwa hatari, na kugonga gari la serikali. Yasome tena moja moja: la kwanza peke yake lilitendeka kabla polisi hawajafika. Manne yaliyobaki yalizaliwa na jinsi walivyofika. Katika seva nyingi kifungo huhesabiwa kwa miezi na mwezi mmoja ni dakika moja ya kweli, kwa hiyo mchezaji hukaa ndani akitazama ukuta kwa muda mrefu, na usiku wake wa kucheza unaishia hapo.

Shtaka la kugonga linatuhusu sana sisi tunaocheza kutoka huku. Seva nyingi za Kifaransa ziko Ulaya. Kila kompyuta huendesha gari lake yenyewe, na za wengine hukisia lilipo kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Tuseme ujumbe wako unachelewa milisekunde 300 kutoka Butembo. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari lako husafiri mita saba na nusu katika muda huo. Kwenye skrini yako umepita salama; kwenye skrini ya polisi umemparamia. Yeye hadanganyi na wewe hudanganyi. Magari yakiwa mawili, mnaweza kusimama mkaelewana. Yakiwa tisa yamekuzunguka, kugusana ni lazima, na kila kuguswa kunaandikwa dhidi yako.

Polisi wa kweli nao wamewahi kuitika taarifa ya mchezo namna hiyo hiyo. Tarehe 28 Desemba 2017, mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, polisi walimpiga risasi mlangoni kwake baba wa miaka 28 ambaye hata hakuwa anacheza. Wachezaji wawili wa mchezo wa Call of Duty walikuwa wamegombana kuhusu dau la dola moja na nusu. Mtu wa tatu, akiwa Los Angeles, akapiga simu ya uongo kwamba nyumbani hapo kuna mauaji na mateka. Aliyepiga simu alihukumiwa miaka 20 mwaka 2019. Taarifa moja isiyohakikiwa ilipewa uzito wa juu kabisa.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tuna sababu zetu za kulitazama jambo hili kwa makini. Beni, tarehe 21 Mei 2020, kijana wa LUCHA, vuguvugu la vijana wa Kongo, aliuawa kwa risasi ya polisi katika maandamano. Tangu Mei 2021 mkoa umekuwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, raia wakipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Novemba mwaka huo vijana wa LUCHA walikamatwa Beni kwa kuketi chini kwa amani, na Aprili 2022 kumi na wawili kati yao wakahukumiwa mwaka mmoja kila mmoja. Wengi wa Kanyabayonga tumetawanyika Lubero na Butembo tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Juni 2024. Kijana aliyeyapitia hayo akifungua kompyuta jioni, naumia kuona anaelekezewa bunduki tisa kwa ajili ya taa. Mchezo wa kuigiza ungeweza kumpa polisi ambaye hajawahi kumwona.

Hata bariyeri za njia ya Kirumba na Lubero, pamoja na usumbufu na makusanyo yake ambayo siyatetei, zina jambo moja ambalo seva hizi hazina: zinaanza kwa maneno. Dereva anateremsha kioo, anasalimia, "Komanda, habari ya kazi," anaonyesha karatasi, anaeleza anakotoka. Huo ndio uigizaji wenyewe, na mvamio wa magari tisa huuzima kabla haujaanza.

Dawa iko ndani ya msimbo ule ule. Badala ya kuwaita wote walio zamu, seva ipange polisi kwa umbali na kuwaita wawili walio karibu. Wengine wasione alama mpaka wawili hao waombe msaada na kuandika sababu. Helikopta iruhusiwe na msimamizi wa zamu kwa kosa la silaha tu. Kufukuzana kwa kosa la barabarani kuwe na saa yake, ikiisha kunasimama. Hapo hakuna kinachopotea, kwa kuwa daftari la polisi la seva tayari linajua namba ya gari na jina la mwenyewe: faini inaweza kumfuata nyumbani. Na mashtaka yaliyozaliwa wakati wa kukamata yapitiwe na mtu asiyekuwa katika msafara, akiangalia pia ucheleweshaji wa mtandao wa mshtakiwa.

Najua vijana wa Butembo na Beni wanaotamani kufungua seva yao, ya Kiswahili, yenye mitaa yetu na wamotari wetu. Nawaomba waandike mistari hiyo ya umbali na idadi kwanza, kabla ya kununua sare na magari ya polisi, na waiache wazi ili kila mchezaji aweze kuisoma.