Pomboo wa Kizimkazi: Udogo wa Boti Hautoshi

Wanaotetea utalii wa pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, husema boti zake ni ndogo, za mashine moja na abiria wachache, kwa hiyo madhara yake hayawezi kuwa makubwa. Hoja hiyo inaangalia kisichohusika. Kinachomchosha pomboo ni namna boti inavyomwendea. Tazama kazi yenyewe inavyofanyika: nahodha akiona mapezi yanakata maji, huongeza moto, hulipita kundi, hukata mbele yake, kisha hupunguza mashine na watalii wenye miwani ya kuzamia hujirusha majini palepale kundi linapopita. Pomboo wakizama na kuibukia mbali, watalii hupandishwa haraka na mbio zinaanza upya. Boti zikiwa nyingi, hiyo ndiyo asubuhi nzima ya kundi hilo. Na sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, kwa hiyo mnyama anayetegemea masikio kutafuta chakula hukutana na mashine kabla hajaiona boti.

Watafiti waliofuatilia pomboo hawa walikuta kwamba boti za watalii zinapokuwepo, muda wa kupumzika na wa kuchangamana hupungua, na muda wa kusafiri huongezeka. Majike wenye watoto nao hubadilisha mwenendo boti na waogeleaji wanapozidi. Hilo la majike ndilo zito kuliko yote. Pomboo hubeba mimba kama mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha kwa muda mrefu. Nguvu inayoishia katika kukimbia ni nguvu iliyotolewa kwenye maziwa. Idadi ya pomboo wa eneo hili ilikadiriwa kuwa chini ya 200 kwa aina iliyo nyingi zaidi, na wengine hunaswa na kufa kwenye nyavu za jarife. Kundi dogo namna hiyo halina akiba ya kupoteza.

Wapo watakaosema pomboo wenyewe hupenda kucheza mbele ya boti. Ni kweli, lakini huifuata boti inayokwenda moja kwa moja kwa mwendo usiobadilika, na huiacha wanapotaka. Aliyekatiwa njia hakupewa hiari hiyo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la historia: kabla ya utalii kuanza mwaka 1992, pomboo wa hapa walivuliwa wawe chambo cha papa, na ni fedha za wageni zilizompa pomboo hai thamani. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sitaki utalii huu ufe. Lakini thamani hiyo inatokana na kumwona pomboo, haihitaji kumfukuza. Nahodha anaweza kuja ubavuni, sambamba na kundi, taratibu, akaacha mbele wazi, na kuweka gia huru wanaposogea wenyewe.

Ugumu uko ufukweni. Mgeni ameahidiwa kuogelea na pomboo, na nahodha asiyetimiza ahadi anaogopa kupoteza wateja. Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, lakini ahadi ikishauzwa hotelini, nahodha mmoja mwenye subira hawezi kushindana na watano wenye haraka. Wauzaji wa safari waache kuuza kuogelea, wauze muda wa kutazama. Nawe mgeni, kabla hujapanda boti, mwambie nahodha kwamba utamlipa vilevile hata asipokukatia mbele ya pomboo.