Barolo: Hesabu ya Pipa Kubwa

Mwaka 1983, katika kijiji cha La Morra kwenye vilima vya Langhe, kaskazini-magharibi mwa Italia, mkulima aitwaye Elio Altare aliwasha msumeno wa mashine akayakatakata mapipa ya baba yake. Yalikuwa mapipa makubwa ya mwaloni yaliyokomaza mvinyo wa Barolo miaka nenda miaka rudi. Mahali pake aliweka mapipa madogo ya lita 225, ya ukubwa karibu sawa na aliyoyaona Burgundy, Ufaransa, alikosafiri mwaka 1976. Baba yake alimnyima urithi.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa vijana na wazee: upande mmoja maendeleo, upande wa pili ukaidi. Simulizi hiyo haimsaidii mtu anayetaka kuijua mivinyo mashuhuri ya Italia na mafundi wanaoitengeneza. Linalomfaa ni swali la kifundi: lile pipa kubwa lilikuwa likifanya kazi gani? Ninavyoona mimi, lilikuwa sehemu moja ya mfumo wenye sehemu tatu zinazotegemeana, na mfumo wote ulitokana na tabia ya zabibu moja, Nebbiolo.

Tuanze na zabibu hiyo. Sheria ya Italia, iliyoipa Barolo daraja la juu kabisa la DOCG mwaka 1980, hairuhusu zabibu nyingine yoyote iingie humo. Nebbiolo ni mzabibu mgumu kulea. Huchipua mapema na kukutana na baridi, kisha huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, ukungu ukiwa umekwisha kutanda vilimani. Ganda lake lina rangi haba, ilhali tanini na asidi ni nyingi. Tanini ndiyo mama wa ukakasi: Barolo changa hukaza ulimi kama bibo ambalo halijaiva. Kwa hiyo fundi yuko njia panda. Akitoa kidogo kutoka kwenye maganda, anapata mvinyo mwepesi usio na nguvu. Akitoa vyote, anapata kinywaji kisichonyweka kwa miaka mingi.

Uamuzi wa kwanza wa wazee ulihusu maganda. Waliyaacha yalowe ndani ya mvinyo wiki tatu au nne, na katika baadhi ya nyumba hadi siku sitini. Ukilitazama juujuu, jambo hili ni kama kuongeza ukakasi kwa makusudi. Lakini rangi hutoka siku za mwanzo, na tanini, hasa ile ya kwenye mbegu, hutoka kadiri kileo kinavyopanda. Baadaye kasi hiyo hupungua, na tanini iliyokwisha kutoka huanza kushikana yenyewe kwa yenyewe na kushikana na chembe za rangi. Kadiri mshikamano huo unavyoendelea, mvinyo haukwaruzi tena kinywa kama mwanzo. Mafundi wengi pia huyazamisha maganda kwa vibao vilivyobanwa ndani ya tangi, mbinu iitwayo cappello sommerso. Maganda yaliyozama hayakauki wala kushambuliwa na bakteria wa siki, tena hutoa kilichomo polepole bila kupondwa wala kurushiwa mvinyo kwa pampu.

Mvinyo uliolowa hivyo hutoka tangini ukiwa na tanini tele na rangi hafifu, na hauwezi kunywewa karibuni. Unahitaji hewa, ila hewa ya kipimo. Hapo ndipo pipa kubwa, uamuzi wa pili, linapoingia, na hesabu yake ni rahisi. Chukua pipa la lita 5,000 na jingine la lita 225, yawe ya umbo moja. La kwanza hubeba mvinyo mara 22 zaidi, lakini eneo lake la ndani ni kubwa mara nane tu. Kwa hiyo kila lita ndani ya pipa kubwa hugusa mbao kwa kadiri ya theluthi moja tu ya ile ya pipa dogo. Hewa hupenya kwa uchache, na kazi ya kuunganisha tanini huendelea taratibu kwa miaka bila mvinyo kuchakaa. Mengi ya mapipa haya ni ya mwaloni wa Slavonia, mashariki mwa Croatia, na hutumika kwa makumi ya miaka. Mbao zikishazeeka hivyo hazina tena ladha ya kuongeza. Harufu unayoipata kwenye bilauri, ya waridi, lami na majani makavu, ni ya zabibu na umri wake.

Uamuzi wa tatu ni kuchanganya mashamba. Udongo wa Barolo haufanani. Mvinyo wa Serralunga na Monforte huwa mkali na wenye mifupa, ule wa La Morra huwa na manukato na hulainika mapema. Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005, hakuweka chupa tofauti kwa kila shamba. Zabibu za Cannubi, San Lorenzo na Rué kijijini Barolo, pamoja na za Rocche kule La Morra, ziliingia katika mvinyo mmoja. Panapopungua manukato, shamba jingine huongeza. Mvua ya mawe ikipiga kilima kimoja, kingine kinabaki. Binti yake, Maria Teresa, anaendelea na utaratibu huohuo. Msimamo wa baba huyo ulifika hadi kwenye lebo alizozichora kwa mkono, moja ikisema hapana pipa dogo, hapana Berlusconi, yule mwanasiasa wa Italia.

Jirani wa Bartolo, Giuseppe Rinaldi, daktari wa mifugo kwa elimu, alichanganya mashamba mawilimawili hadi kanuni mpya zilipokuja. Kuanzia mavuno ya 2010, majina mawili ya mashamba hayakuruhusiwa tena kwenye lebo moja. Rinaldi alipanga upya: chupa moja ikabaki na jina la Brunate, na nyingine, yenye mchanganyiko wa mashamba kadhaa, ikaitwa Tre Tine. Sheria iliyokusudia kuheshimu ardhi ilimbana mtu aliyeijua ardhi hiyo kuliko wengi.

Sasa tuutazame upande wa Altare kwa haki, kwa sababu nao ni mfumo uliokamilika. Vijana wa miaka ya themanini walitumia matangi ya kulala yanayozunguka. Tangi hilo hutoa rangi kwa siku chache, na mvinyo huondolewa kwenye maganda kabla tanini kali ya mbegu haijatoka kwa wingi. Mvinyo huo wenye tanini chache uliweza kustahimili pipa dogo jipya, lililoupa hewa ya kutosha kuishikilia rangi, utamu wa vanila, na tanini laini ya mbao. Matokeo yalikuwa Barolo nyeusi kidogo, ya mviringo mdomoni, iliyonyweka mapema.

Ukiziweka njia hizi mbili sambamba, utaona kwa nini haziwezi kuchanganywa ovyo. Maganda ya siku sitini pamoja na pipa dogo jipya ni tanini juu ya tanini. Maganda ya siku nne ndani ya pipa kubwa la zamani ni mvinyo mwembamba usio na cha kukomaza. Anayebadilisha kipande kimoja hana budi kubadilisha vyote.

Kilichowatenganisha wazee na vijana hasa kilikuwa muda, na muda ni fedha. Baada ya vita vya pili vya dunia Langhe ilikuwa maskini, na watu walishuka kwenda kuajiriwa katika kiwanda cha Ferrero mjini Alba au Fiat mjini Torino. Sheria ya leo inadai Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mbao, na miezi 62 kwa daraja la Riserva. Mvinyo wa wazee ulidai zaidi ya hapo, maana hata baada ya kununuliwa ulitaka miaka kumi mingine ghalani. Monfortino, Barolo ya nyumba ya Giacomo Conterno, hukaa miaka saba hivi katika pipa kubwa. Mwanawe Giovanni alinunua shamba la Cascina Francia mwaka 1974 ili awe na zabibu zake mwenyewe, na Barolo ya kwanza ya shamba hilo ilikuwa ya 1978. Wangapi wangeweza kungoja hivyo? Altare alitaka kuishi kwa kazi ya mikono yake, na hakukosea kudai hivyo.

Hata hivyo nasimama na wazee, kwa sababu za kifundi. Mbao mpya hufunika tofauti za mashamba, na Nebbiolo ya Serralunga inapoanza kufanana na mvinyo mzuri wa popote duniani, sababu ya kuitafuta imekwisha. Vijana nao waliacha urithi wa maana: usafi wa ghala, na ujasiri wa kukata vishada wakati wa kiangazi ili vinavyobaki viive vizuri. Mambo hayo yameingia hata kwa wafuasi wa jadi. Joto la miaka ya karibuni limesaidia tanini kuiva zaidi shambani, na wengi waliokimbilia mapipa madogo wamepunguza mbao mpya au wamerudi kwenye makubwa.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, Monfortino si mlango wa kuingilia, bei yake ni ya wachache. Anza na Produttori del Barbaresco, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1958 na padri wa kijiji pamoja na wakulima 19. Zabibu yao ni Nebbiolo hiyohiyo, upande wa pili wa Alba, inayokomazwa katika mapipa makubwa kwa bei inayovumilika. Au tafuta chupa ya Langhe Nebbiolo kutoka kwa fundi wa Barolo unayemwamini. Fungua mvinyo saa chache kabla, na uunywe na nyama iliyopikwa taratibu, maana mafuta na protini hupunguza ukakasi.

Kisha mwulize muuzaji maswali matatu: maganda yalilowa siku ngapi, pipa lilikuwa la lita ngapi na la umri gani, na zabibu zilitoka mashamba yapi? Majibu yakikubaliana, wa jadi au wa kisasa, huyo ni fundi anayejua anachofanya. Yakipingana, hata chupa iwe ghali namna gani, achana nayo.