Ruzuku za Viwanja vya Umma na Wanaozisimamia

Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji wa Marekani uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Fedha zake hutokana zaidi na malipo ya kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini, na tangu 2020 sheria huutengea dola milioni 900 kila mwaka. Sehemu ya fedha hizo hupelekwa majimboni, na huko ndiko inakoanzia kazi isiyo na shangwe.

Ofisa wa jimbo hupokea maombi ya miji inayotaka bembea, uwanja wa mpira au njia ya kutembea kando ya mto. Kwa kawaida ruzuku hulipa nusu ya gharama tu, tena baada ya mji kutanguliza fedha zake. Hivyo stakabadhi za saruji na malipo ya mafundi hukaguliwa moja moja.

Kigumu zaidi ni ramani. Mpaka wa kiwanja ukishachorwa humo na kukubaliwa, ardhi iliyo ndani yake hubaki ya burudani ya umma daima. Mji ukitaka kujenga kituo cha zimamoto humo, sharti utoe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua na manufaa yanayolingana, kwa kibali cha serikali kuu. Kila baada ya miaka 5 hufanywa ukaguzi: je, uzio umesogezwa? Lile ghala nyuma ya miti limeota lini? Mara nyingi mkaguzi ndiye anayeukumbusha mji masharti hayo, kwani meya aliyetia saini aliondoka madarakani zamani.