Hesabu ya Flashi Uwanjani

Ukumbini mpiga picha ana wasaidizi: dari nyeupe na kuta nne. Mwanga wa flashi ukigonga huko hurudi, ukawafikia hata waliosimama pembeni. Harusi ikiwa uwanjani Handeni, usiku, hakuna cha kuurudisha. Unawapita watu na kupotelea kwenye mihindi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wapiga picha wetu wa huku, maana hesabu yote hufanywa kichwani, tena upesi.

Inaanzia kwenye namba ya nguvu ya flashi. Tuseme ni 36 kwa mita, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100. Igawe kwa namba ya tundu la lenzi, utapata umbali: kwenye f/8 mwanga unatosha mita 4.5, kwenye f/4 mita 9. ISO ikipanda hadi 400, namba inakuwa 72, na f/8 ileile inafika mita 9. Aliyezoea nje anajua kwamba uwanjani namba hiyo haitimii, kwa hiyo anafungua tundu stopu moja zaidi, yaani mwanga maradufu, hadi f/5.6, bila kumuuliza mtu.

Mtazame wakati wa picha ya ukoo. Wazee wamekaa vitini mita 4 mbele yake, vijana wamesimama nyuma, mita 6. Akipiga hapo, safu ya nyuma itapata chini ya nusu ya mwanga wa safu ya mbele: wazee watang'aa, vijana watazama gizani. Basi anarudi nyuma mpaka wazee wawe mita 8 na vijana mita 10. Sasa safu ya nyuma inapata karibu theluthi mbili, na nyuso zinalingana. Gharama yake anaijua: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki robo. Anapandisha ISO kutoka 400 hadi 1600, anasubiri taa ndogo ya flashi iwake, ndipo anapiga. Ni ufundi wa hali ya juu, na wengi wetu tunadhani anatafuta tu pa kusimama.

Mchana kuna kazi nyingine. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa Korogwe, na macho ya bibi harusi huwa mashimo meusi. Flashi inahitajika juani! Kwa ISO 100 na shata 1/200, jua kali linataka f/11, na hapo flashi ya 36 inafika mita 3.3 tu. Fundi anasogea karibu, anaipunguza nguvu stopu moja ili kivuli kilainike bila uso kuonekana umepakwa chokaa.

Jioni, milima ya Usambara ikiwa nyuma ya maharusi, anashika mianga miwili kwa mikono miwili. Flashi huwaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, hivyo kupunguza kasi ya shata hakuigusi. Kunaongeza mwanga wa milima peke yake. Nyuso anazirekebisha kwa flashi, milima kwa shata.

Ufundi huu una historia ndefu nchini. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za Wamasai kwa unga wa kulipuka, na kitabu chake kikatoka mwaka 1905. Kamera za leo hujipimia zenyewe, lakini suti nyeusi huzidanganya zikaunguza nyuso, na shela jeupe huzidanganya zikazitia giza. Bado anahitajika mtu anayejua kuzikatalia.

Ukiwa na harusi, mwite mpiga picha mapema akaone uwanja, mwambie watu watakaa wapi, na safu zisiachane mno. Picha za ukoo zipigwe jua lingalipo, kwani huku kwetu baada ya magharibi giza halichelewi.