Mugwe Hawezi Kila Kitu

Siku hizi waandishi wetu chipukizi wamerudi kwenye uganga, na mimi nafurahi. Wamechoka na shule za wachawi za Uingereza. Sasa mashujaa wao wanatoka Nkubu na Runyenjes, wanapanda Mlima Kenya, na mmoja kati ya watatu anaitwa Mugwe. Shida ni kwamba huyo Mugwe wao anaweza kila kitu. Anarusha radi, anafufua wafu, anawateketeza wakoloni kwa kupepesa jicho, na hadithi inakufa kabla ya ukurasa wa tatu.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Nilipokuwa chuoni niliandika hadithi ya aina hiyo, nikamsomea nyanya yangu. Alinyamaza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyo mtu anaogopa nini?" Sikuwa na jibu.

Hebu tumwangalie Mugwe wa masimulizi, yule ambaye padri Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kizima mwaka 1959. Nguvu yake ilikaa katika mkono wa kushoto. Ndiyo, wa kushoto, ule ule ambao wewe na mimi tulichapwa tukimpa mgeni kikombe nao. Mkono huo ulishika kiragu, alama ya mamlaka yake, na ulifunikwa kwa vazi saa zote. Aliyeuona alikufa. Waimenti walisema ni mkono wa baraka tu. Waigembe walisema akiuinua, adui anasimama. Angalia hapo: anasimama. Hakuna aliyesema anaungua.

Sasa hesabu vikwazo. Nguvu iko mahali pamoja, haionyeshwi, na kazi yake ni finyu. Mtu huyo analala vipi? Je, mtoto wake akimrukia na kulivuta lile vazi? Mambo ya kuandika ndiyo hayo, na hakuna radi hata moja ndani yake. Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, amesifiwa kwa kusema kwamba mipaka ya uchawi ina uzito kuliko nguvu zake. Amesema kweli, ila wasimulizi wa Meru walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila kuipa jina.

Chukua simulizi la Mbwaa. Wameru wako utumwani kwa watu wa Nguo Ntune, na mabwana wanawapa mitihani isiyowezekana. Leteni viatu vyenye manyoya pande zote mbili. Toeni tunda shimoni bila kulishika. Mwandishi wetu wa leo angemwita mganga papo hapo. Wazee walitumia akili: ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe ina manyoya huku na huku, na shimo ukilijaza maji tunda linaelea lenyewe. Muujiza unangoja mpaka akili zikwame. Unadaiwa mkuki unaofika mbinguni, watu wanatoroka usiku, mbele yao ni maji. Hapo ndipo kiongozi anapoyapiga maji kwa fimbo.

Na hata hapo muujiza unaacha alama. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakawa Njeru, weupe. Tukio moja la ajabu, na vizazi vyote vinaishi ndani yake. Kule Embu ni vivyo hivyo na msitu wa Mwenendega karibu na Runyenjes, anakotajwa mzee huyo na mkewe Nthara kama chimbuko la Waembu. Msitu wa namna hiyo ulikuwa na sharti jepesi, usikate mti, na sharti hilo lilibeba heshima yote.

Najua nitakachojibiwa: "Mwalimu, hii ni fantasia, mila isinifunge." Haya, badilisha. Mpe Mugwe mkono wa kulia ukitaka. Lakini ukiondoa kizuizi, weka kingine chenye uzito uleule, la sivyo umebaki na jina tu. Na kumbuka kwamba kwa waliomwamini Mugwe hakuwa mhusika wa kubuni. Ukikopa imani ya watu, kopa na masharti yake.

Bernardi alimwita nabii anayefifia, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuja na machifu wake na kodi yake, na mkono wa baraka haukuifukuza. Waandishi wetu wanaona aibu hapo, ndiyo maana wanampa radi. Mimi naona ndipo riwaya ilipo. Mtu mwenye mkono wa kubariki anaangalia nyumba za watu wake zikihesabiwa kwa kodi. Anajua mkono wake una kazi gani na hauna kazi gani. Watu wamekusanyika, wanalitazama vazi. Afanye nini?

Hadithi yangu ya chuo nimeirudia. Niko ukurasa wa arobaini, na vazi bado halijafunuliwa. Nyanya hayupo tena wa kunisikiliza, lakini swali lake sasa nina jibu lake: anaogopa upepo.